Owen: Kasisi aliyewasemea vibarua bila kuitwa mahakamani

RODI KOPANY ni njia panda. Barabara moja yaelekea mjini Homa Bay na ufuoni mwa Ziwa Victoria, nyingine yateremkia Rongo kuungana na barabara kuu ya Kisii na Migori, na ya tatu yaingia Ndhiwa, penye mashamba ya miwa. Kwa vizazi kadhaa, vijana wa sehemu hizi wameziacha nyumba za wazazi wao kwenda kutafuta kibarua, wengine kukata miwa karibu na nyumbani, wengine kuchuma majani chai huko Kericho.

Leo, mfanyakazi wa shamba akidhulumiwa ana mlango wa kubisha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 22, yamruhusu mtu kwenda kortini kwa niaba ya mwenzake asiyeweza kujitetea. Yaruhusu pia mtu au shirika lenye ujuzi maalumu, ambalo si mlalamishi wala mlalamikiwa, kuomba idhini ya kuwasilisha hoja zake ili kuisaidia korti kuamua kwa haki. Mtu huyo huitwa rafiki wa mahakama.

Miaka 90 hivi kabla ya Katiba hiyo, mlango kama huo haukuwapo. Kibarua wa Nyanza aliyefikishwa mbele ya hakimu wa kikoloni alisimama peke yake, mara nyingi bila wakili na bila kuielewa lugha iliyotumika kumhukumu. Hata hivyo, alikuwapo mtu mmoja asiyekuwa na kesi yoyote, ambaye alijitwika kazi ya kupeleka maelezo ya vibarua hao kwa magavana, tume za serikali, magazeti ya Uingereza na hatimaye Bunge la London. Huyo alikuwa Arkidikoni Walter Edwin Owen.

Kutoka Birmingham hadi Maseno

Owen alizaliwa mjini Birmingham, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1870. Alijiunga na chama cha wamisheni wa Kanisa la Kianglikana, CMS, na mwaka 1904 akatumwa Uganda, ambako alihudumu kwa zaidi ya mwongo mmoja. Mwaka 1918 aliteuliwa kuwa Arkidikoni wa Kavirondo, cheo cha kanisa kilicho chini ya askofu. Kavirondo ndilo jina walilolitumia wakoloni kuitaja nchi ya Waluo, Waluhya na majirani zao, ambayo sehemu yake kubwa ni Nyanza na Magharibi ya leo.

Sehemu za Homa Bay na Migori zilikuwa wakati huo ndani ya Wilaya ya Kavirondo Kusini, yenye makao makuu mjini Kisii. Huko kanisa la Owen halikuwa na nguvu kubwa. Waadventista walikuwa wametangulia Gendia tangu mwaka 1906, nao Wakatoliki walikuwa na misheni yao Asumbi. Ngome ya CMS ilikuwa Maseno, ng'ambo ya ghuba. Lakini sheria zilizomkandamiza kibarua hazikuuliza dhehebu lake, na malalamiko aliyoyabeba Owen yalikuwa ya Nyanza nzima.

Aliwasili wakati wa dhiki. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimewamaliza maelfu ya vijana waliochukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi. Waliorudi walikuta kodi imepanda, na walowezi wa Kizungu wakililia watu wa kuwalimia mashamba.

Sheria zilizomfunga kibarua

Ili kuielewa kazi ya Owen, ni lazima kuzielewa sheria za siku zile. Chini ya sheria ya mabwana na watumishi, iliyotungwa mwaka 1906 na kurekebishwa mwaka 1910, mkataba wa kazi haukuwa makubaliano ya kawaida kati ya watu wawili. Mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya muda wake kwisha hakushtakiwa kwa deni au hasara. Alishtakiwa kama mhalifu, akatozwa faini au akafungwa jela.

Baada ya vita kikaja kipande. Kila mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake na kumbukumbu za waajiri wake. Aliyetoroka shamba moja hangeweza kuajiriwa kwingine bila kugunduliwa.

Mnamo Oktoba 1919, serikali ya Gavana Edward Northey ilitoa waraka ukiwaagiza maafisa wa wilaya na machifu kuwahimiza Waafrika waende kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Kila aliyeishi chini ya chifu alijua maana ya kuhimizwa. Mwaka uliofuata, sheria ya mamlaka za wenyeji ilirekebishwa ili watu waweze kulazimishwa kufanya kazi za serikali kwa malipo hadi siku 60 kwa mwaka. Aliyeweza kuthibitisha kwamba alikuwa ameajiriwa kwa miezi mitatu katika mwaka huo alisamehewa. Hivyo, njia rahisi ya kukwepa kazi ya serikali ikawa ni kwenda kwa mlowezi.

Zaidi ya hizo, zilikuwapo kazi za kijiji zisizo na malipo, kama vile kufyeka na kutengeneza barabara, ambazo sheria iliziruhusu kwa siku 24 kwa mwaka. Wanaume wengi walipokuwa mashambani, waliobaki kushika jembe barabarani walikuwa wanawake na wasichana.

Viongozi wa makanisa hawakuzungumza kwa sauti moja. Maaskofu wa Kianglikana wa Mombasa na Uganda, pamoja na mmisheni Mskoti John Arthur, waliandika hati mwaka 1919 wakiulaumu waraka wa Northey, lakini wakakubali kwamba kazi ya lazima yaweza kuwapo iwapo itawekewa mipaka ya kisheria. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliikataa hoja hiyo, akachapisha kijitabu mwaka 1920 kuupinga mfumo mzima. Kelele hizo zilifika London, na mwaka 1921 Waziri wa Makoloni, Winston Churchill, aliagiza maafisa wa serikali wasiwatafutie walowezi wafanyakazi.

Piny Owacho

Wenyewe wenye kuumia hawakungoja kutetewa. Mnamo Desemba 23, 1921, maelfu ya watu walikusanyika Lundha, katika Gem, wakaunda Young Kavirondo Association. Wengi wa viongozi wake walikuwa walimu na wanafunzi wa zamani wa Maseno, wakiwamo Jonathan Okwiri na Benjamin Owuor Gumba. Wananchi waliliita vuguvugu hilo Piny Owacho, yaani nchi imesema.

Madai yao yalikuwa wazi. Walitaka kipande kifutwe, kodi ipunguzwe, mishahara iongezwe, kambi za kazi zifungwe, shule za serikali zijengwe na ardhi yao ilindwe kwa hati. Mwaka 1922 Gavana Northey alikutana nao. Kambi za kazi zilifungwa, na kodi, iliyokuwa imefikia Sh16, ikateremshwa hadi Sh12. Kipande kilibaki.

Wakati huohuo, mambo yalikuwa yameharibika Nairobi. Harry Thuku alikamatwa, na mnamo Machi 16, 1922, askari wakawafyatulia risasi waandamanaji waliodai aachiliwe. Serikali iliogopa moto huo usienee Nyanza. Ndipo Owen alipoingia kati. Mwaka 1923 chama kilibadilishwa jina kuwa Kavirondo Taxpayers Welfare Association, Okwiri akaachia kiti, na Arkidikoni akawa rais.

Wanachama wapya waliweka ahadi za maendeleo ya nyumbani: kuchimba vyoo, kuua panya waenezao tauni, kupanda miti na kuacha ulevi. Wapo waliokicheka chama hicho, wakaona ni mbinu ya kuwatoa watu katika siasa. Lakini pembeni ya vyoo na panya, kilifanya kazi nyingine iliyowakera watawala. Kilikusanya malalamiko, kikayaandika kwa utaratibu na kuyafikisha serikalini yakiwa na mhuri wa mtu ambaye hangeweza kutupwa jela kwa urahisi.

Kalamu kama silaha

Owen hakuwa wakili, na hakuna korti iliyomwalika kutoa maoni. Silaha yake ilikuwa maelezo yaliyochunguzwa. Alitembea, akasikiliza, akaandika. Alipopata habari kwamba wanawake na wasichana wanalazimishwa kufanya kazi barabarani, alidai maelezo kutoka kwa maafisa. Wasipomjibu, aliandikia gazeti la Manchester Guardian pamoja na chama cha Uingereza kilichopinga utumwa na kutetea haki za wenyeji wa makoloni.

Njia hiyo ilikuwa na mantiki yake. Waafrika hawakuwa na mwakilishi wao wenyewe katika Baraza la Kutunga Sheria mjini Nairobi, ilhali walowezi walikuwa na wajumbe waliowachagua. Hakimu wa wilaya mara nyingi alikuwa ndiye pia afisa wa utawala, yaani mtu yuleyule aliyekusanya kodi na kusimamia machifu. Penye hali kama hiyo, hoja ililazimika kupelekwa mahali pengine ili isikilizwe. Wabunge wa upinzani mjini London waliposoma barua hizo, walimwuliza maswali Waziri wa Makoloni, naye waziri akamwandikia gavana kutaka majibu. Kwa njia hiyo ndefu, neno la kibarua wa Nyanza lilirudi Kenya likiwa na uzito ambao halikuwa nao lilipoondoka.

Owen hakuwa peke yake. Daktari Norman Leys, aliyewahi kufanya kazi serikalini, alichapisha kitabu kuhusu Kenya mwaka 1924. William McGregor Ross, aliyekuwa mkuu wa idara ya ujenzi, akatoa chake mwaka 1927. Tofauti ni kwamba wawili hao waliandika baada ya kurejea Uingereza. Owen aliandika akiwa bado Nyanza, akiishi miongoni mwa maafisa aliowashtaki na kukutana nao kila mara.

Gharama yake haikuwa ndogo. Walowezi walicheza na cheo chake cha Kiingereza, wakalitia herufi mbili tatu tofauti, likawa jina lenye maana ya pepo mkuu. Wapo hata wamisheni wenzake waliomwona mchochezi.

Mwaka 1930 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba kuhusu kazi ya kulazimishwa, na mwaka 1931 Uingereza ikauridhia. Tangu hapo wakosoaji wa kazi za lazima katika makoloni walikuwa na kipimo cha kimataifa cha kuipimia serikali ya Kenya.

Dhahabu ya Kakamega

Mwaka 1932 jaribio lingine lilizuka. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa Kakamega, na wachimbaji wa Kizungu wakamiminika katika ardhi ya Waluhya. Miaka miwili tu kabla, sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya wenyeji haitachukuliwa bila baraza lao kushauriwa na bila wao kupewa ardhi nyingine yenye thamani ileile. Mnamo Desemba 1932 serikali iliirekebisha sheria hiyo haraka, ili ardhi yenye madini iweze kuchukuliwa bila masharti hayo, na fidia kulipwa kwa pesa.

Owen aliona kwamba ahadi imevunjwa kabla wino wake haujakauka. Aliandika na kupinga, na wananchi wa Nyanza walipojiandaa kufika mbele ya Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Sir Morris Carter, naye alitoa ushahidi wake. Mbele ya tume hiyo hatimaye alipata nafasi iliyokaribiana sana na ile ya rafiki wa mahakama: mtu asiyedai shamba lake mwenyewe, akieleza anachokijua ili wenye kuamua waamue kwa haki.

Watoto wa majani chai

Vita vyake vya mwisho vilivyojulikana mno vilihusu watoto. Makampuni makubwa ya chai yalikuwa yameingia Kericho katikati ya miaka ya 1920. Majani chai yahitaji mikono mingi na myepesi, na mikono ya watoto ilikuwa ya bei rahisi. Watoto kutoka Nyanza walichukuliwa kupelekwa mashambani, mbali na macho ya wazazi.

Sheria mpya ya ajira ilipoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1930, iliruhusu kuajiriwa kwa mtoto mwenye umri wa miaka 10. Mwaka 1938 Owen alilishambulia jambo hilo katika Manchester Guardian. Swali lake lilikuwa jepesi kulielewa hata kwa msomaji ambaye hangeweza kuionyesha Kericho kwenye ramani. Je, nchi inayomkataza mtoto wake kufanya kazi kiwandani yaweza vipi kumruhusu mtoto wa miaka 10 katika koloni lake atiwe mkatabani na kupelekwa mbali na mama yake?

Ghadhabu ilizuka Uingereza, na serikali ya Kenya ikalazimika kuunda kamati ya kuchunguza ajira ya watoto, iliyotoa ripoti mwaka huohuo. Kamati hiyo haikuyapokea madai ya Owen yote kama alivyoyaleta. Lakini jambo lililokuwa siri ya mashamba lilikuwa limekwisha kuwekwa mezani, na waajiri wakalazimika kulijibu mbele ya watu.

Leo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yapiga marufuku kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13, na yamruhusu mwenye miaka 13 hadi 16 kufanya kazi nyepesi tu, zisizomdhuru wala kumzuia kusoma.

Kasoro ya mtetezi

Itakuwa si haki kumchora Owen kama mtakatifu. Alipokubali kuwa rais wa chama mwaka 1923, alipunguza makali ya vuguvugu lililoundwa na Waafrika wenyewe. Hasira ya Lundha ilikuwa imeishtua serikali. Chini ya Arkidikoni ilipitia katika hati zilizoandikwa kwa adabu, na wapo waliohoji iwapo chama kilikuwa bado mali ya waliokianzisha. Waluhya walijitenga na kuunda vyama vyao, na kufikia miaka ya 1930 nguvu za chama hicho zilikuwa zimepungua sana.

Owen aliamini kwamba utawala wa Kiingereza ungeweza kurekebishwa iwapo ungeambiwa ukweli. Hakuwa mpigania uhuru, na hakutaka Waingereza waondoke. Okwiri na wenzake walikuwa wameanza kwa kuhoji haki ya serikali kuwatawala bila kuwasikiliza. Yeye alihoji makosa ya serikali hiyo, si uhalali wake.

Hapo ndipo penye fundisho kwa kila anayetaka kuingia katika kesi isiyo yake. Sauti yake yaweza kufungua sikio lililozibwa, kwa sababu yeye hana anachokidai. Lakini sauti hiyohiyo, ikiwa kubwa kupita kiasi, yaweza kuifunika ya mlalamishi. Owen alisaidia mno alipobeba maelezo ya wanawake wa barabarani na watoto wa Kericho, watu ambao hawakuwa na njia nyingine ya kusikika. Alipokalia kiti cha watu waliokwisha kujisemea Lundha, msaada wake ulikuwa na bei.

Mwisho wa safari

Owen alifariki nchini Kenya mwaka 1945, baada ya zaidi ya miaka 40 Afrika Mashariki. Nje ya kanisa na siasa, aliacha alama katika elimu ya mambo ya kale. Katika ziara zake aliokota vigae vya vyungu vya zamani huko Urewe, katika Siaya ya leo. Mwaka 1948, miaka mitatu baada ya kifo chake, Mary na Louis Leakey walichapisha utafiti kuhusu vyungu hivyo, na jina la Owen likawekwa pamoja na yao. Vyungu vya Urewe hutumiwa hadi sasa na wataalamu wanapofuatilia historia ya wakulima wa kale wa ukanda wa maziwa.

Jicho lililookota vigae hivyo ndilo lililoona msichana mwenye jembe barabarani pale ambapo wengine waliona barabara tu.

Sheria nayo imesonga. Mwaka 2015, katika kesi iliyomhusu Mumo Matemo, Mahakama ya Juu ya Kenya ilieleza masharti ya rafiki wa mahakama: asielemee upande wowote, awe na ujuzi, alete hoja ambazo wahusika hawajazitoa, wala asiigeuze kesi kuwa yake. Kwa kipimo hicho, Owen angefaulu katika baadhi ya masharti na kuanguka katika mengine. Alikuwa na ujuzi na bidii, lakini hakuficha aliegemea wapi.

Malalamiko ya mashambani nayo hayajakoma kuvuka bahari. Mwaka 2022 korti ya Edinburgh, Scotland, iliwaruhusu wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Kericho kuwasilisha madai yao ya majeraha ya kazini wakiwa kundi moja. Mwaka 1938 madai ya Kericho yalifika Uingereza ndani ya bahasha ya kasisi. Safari hii yalifika kwa majina ya wafanyakazi wenyewe.